Timu ya mtu, timu ya shule au klabu yenye katiba: nani aongoze magongo ya vijana Mbeya na Iringa?

Mpira wa magongo huku Nyanda za Juu Kusini bado ni mgeni. Ukiutaja Mwanjelwa au Kihesa, mtu atakuuliza kama ni ule wa nyasini au ule wa kwenye barafu anaouona kwenye televisheni. Ni ule wa nyasini. Ugeni huo una faida moja ambayo soka imeshaipoteza: hakuna mazoea mabaya ya kurithi. Hakuna kocha mkongwe ambaye matusi yake tumeshayazoea, wala kombe la mbuzi linalokwisha kwa ngumi kila mwaka. Anayeanzisha timu ya vijana leo ndiye anayeamua itakuwa timu ya namna gani, na kwa kiasi kikubwa anaamua siku ile anapochagua nani ataongoza.

Njia ziko tatu. Kuna timu ya mtu mmoja, yaani kocha au mfadhili mwenye mapenzi na mchezo anayekusanya watoto wa mtaa jioni. Kuna timu ya shule chini ya mwalimu wa michezo. Na kuna klabu iliyosajiliwa, yenye katiba, kamati na mkutano mkuu. Nimezipima zote kwa vitu vinne ambavyo hakuna timu isiyokuwa navyo: kipenga, orodha ya wachezaji, daftari la fedha na ufunguo wa stoo. Msimamo wangu nautaja mapema. Timu ambayo vitu hivyo vyote vinne viko mfukoni mwa mtu mmoja, mwanangu simpeleki, hata mtu huyo awe mwema kiasi gani.

Timu ya mwenye magongo

Utotoni wote tuliijua sheria isiyoandikwa popote: mwenye mpira ndiye anayepanga namba. Ukimchezea rafu anakwapua mpira wake, anakwenda nao kwao, mechi imeisha. Kwenye soka dawa yake ilikuwa rahisi, mnasokota mpira wenu wa makaratasi na kamba na kuendelea. Kwenye magongo dawa hiyo haipo. Gongo la kuchezea, kinga za ugoko, kinga za meno, na zaidi ya vyote vifaa vya kipa, huvikuti kirahisi madukani kama jezi na njumu. Vingi vinakuja kwenye begi la mtu aliyetoka Dar es Salaam au nje ya nchi. Aliyeleta begi ndiye mwenye timu, na watoto wanalijua hilo kabla ya watu wazima.

Tusiwabeze watu hawa lakini. Timu ya mtu mmoja inaanza Jumatatu mkikubaliana Jumapili. Hakuna muhtasari wa kikao wala kusubiri sahihi ya mtu aliye safarini Dodoma. Na kocha wa namna hii ndiye anayewajua watoto kweli: nani hajala mchana, nani analelewa na bibi, nani hakuja leo kwa sababu ametumwa kuuza maparachichi stendi. Shule haimjui mtoto hivyo, na kamati haimjui kabisa. Michezo mingi ya mitaani ingekufa zamani bila watu wanaonunua maji na plasta kwa hela zao wenyewe.

Kasoro inajitokeza siku ya kwanza ya kutofautiana. Mzazi akitaka kujua kwa nini binti yake anakalishwa benchi kila mechi, hana pa kwenda isipokuwa kwa huyo huyo anayemkalisha. Nauli ya Makambako imechangwa, chenji imebaki, na daftari halipo. Kocha akihama, akiugua au akinuna, begi linakwenda naye na watoto wanarudi kukaa kibarazani.

Ukitaka kuona uongozi wa aina hii unavyomwingia mtoto, simama pembeni mwa uwanja dakika kumi. Mtoto anapokea mpira. Kabla hajapiga pasi anainua macho kwenda mstari wa pembeni, anautafuta uso wa kocha, na katika nusu sekunde hiyo mpira umeshachukuliwa. Kocha anafoka, "Unaniangalia mimi, mimi ndiye goli?" Watu wanacheka. Mtoto naye anacheka kidogo, kisha anarudi kujificha nyuma ya beki wa timu pinzani mahali ambapo pasi haitamfikia.

Lipo na zito zaidi, la usalama. Mtu mmoja, watoto wengi, safari ya kulala njiani, hakuna mwanamke kwenye msafara. Makocha wengi ni watu safi. Utaratibu lakini hauwekwi kwa kuwafikiria walio safi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na simu ya bure ya kumsaidia mtoto ni 116. Kwenye timu ya mtu mmoja, ni nani atakayewasomea watoto namba hiyo? Yeye mwenyewe? Wako watakaofanya hivyo, na ukimpata wa hivyo mshike.

Timu ya shule

Ukichukua vile vitu vinne, shule imevitenganisha kabla hujaomba. Kipenga kiko kwa mwalimu wa michezo, fedha ziko ofisini, orodha ni rejesta, ufunguo wa stoo uko kwa mtunza stoo au mwalimu wa zamu. Juu yao yupo mkuu wa shule, na juu ya mkuu yupo afisa elimu. Mzazi asiporidhika ana ngazi za kupanda. Tena shule ina paa, na hilo si dogo kwetu ambako kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inaweza kunyesha wiki nzima na uwanja wa vumbi ukawa bwawa. Ukumbi ukisogezwa viti, watoto wanaweza kujifunza kukokota mpira wakiwa ndani.

Kwa wasichana, sioni njia ya kuishinda shule. Mama anayekataa katakata binti yake kurudi nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, giza likiwa limeanza kuingia, huyo huyo atakubali mazoezi ya saa tisa ndani ya uzio wa shule akijua kuna mwalimu wa kike uwanjani. Hapo huhitaji semina ya kumshawishi.

Tatizo la shule ni kalenda. Michezo ya shule inaendeshwa na mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Miezi ya kabla ya mashindano kila mtu yuko uwanjani. Kisha kombaini ya wilaya inachujwa, kombaini ya mkoa inachujwa, na aliyeachwa kwenye mchujo mwaka wake wa michezo umeishia pale. Magongo, ambayo hayana ile nafasi ya soka na netiboli, yanaweza kukosa hata msimu huo mfupi. Mwalimu mwenye moyo akihamishiwa Chunya au Ludewa, aliyepokea kiti chake ni mtu wa voliboli. Mwaka wa mtihani nao una yake: kidato cha nne wanaondolewa kwenye timu wote kwa tangazo moja la paredi asubuhi.

Halafu kuna kiu ya ushindi. Mamluki, wachezaji wa kuazima wasio wa shule hiyo, tunawajua, na mchezo wa kupunguza umri tunaujua. Kijana wa miaka 17 anayeelekezwa na mwalimu wake aseme ana 14 amefundishwa somo kamili siku hiyo, na ataliweka kichwani muda mrefu kuliko mbinu yoyote ya uwanjani.

Na fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi kuliko tunavyopenda kukumbuka: anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na ni kwa makosa mazito ya nidhamu. Kupoteza mpira hakumo. Kwenye mchezo ambao kila mtoto ameshika gongo mkononi, mtu mzima anayemgusa mtoto kwa gongo anawafundisha ishirini wengine kazi ya pili ya kifaa hicho. Ni tabia ya kuikomesha siku hiyo hiyo.

Cha ajabu ni kwamba magongo yana adhabu yake nzuri, tayari imeandikwa. Kadi ya kijani, mchezaji anatoka dakika 2. Ya njano, anatoka dakika zisizopungua 5. Nyekundu, harudi tena. Timu inabaki pungufu muda huo wote, kwa hiyo mwenye hasira anaona wenzake wanavyokimbia mara mbili kwa ajili yake. Mwalimu anayetumia kadi hizo hata mazoezini, kwa matusi, kwa kumcheka mwenzako aliyekosa, hana haja ya kutafuta fimbo. Hili timu ya aina yoyote inaweza kulifanya kuanzia kesho na gharama yake ni vipande vitatu vya karatasi ya rangi.

Klabu yenye katiba

Kuisajili klabu ya michezo si siri. Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria ya mwaka 1967, yupo msajili wa vyama na vilabu vya michezo, na mlango wa kubisha kwanza ni ofisi ya afisa michezo wa halmashauri yako. Mnapeleka katiba na majina. Faida kubwa kuliko zote, kwa mchezo wa vifaa adimu kama huu, ni kwamba gongo linakuwa mali ya klabu. Mfadhili akileta begi, linaingia kwenye daftari. Kocha akiondoka, anaondoka na kofia yake.

Klabu pia ina kitu ambacho mbili za kwanza hazina, muda wa uongozi kuisha. Mwenyekiti anachaguliwa, anatoa hesabu, anarudi kuomba kura.

Ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Nimesoma katiba ya klabu ya watoto iliyokuwa na kipengele cha dirisha dogo la usajili, maana iliyonakiliwa ilikuwa ya timu ya soka ya watu wazima na hakuna aliyejisumbua kuisoma hadi mwisho. Kamati ya watu kumi na wawili kwa watoto kumi na watano si kichekesho cha kutunga. Vyeo vinagawanywa kwanza, mazoezi baadaye. Ada inapanda kulipia vikao, na wa kwanza kudondoka ni yule yule mtoto muuza maparachichi ambaye kocha wa mtaani alimjua kwa jina.

Anayedhani katiba na bodi vinatosha aangalie hoki ya barafu ya Kanada, nchi ambayo mchezo huo ni kama dini. Hockey Canada ina kila kitu ambacho klabu yetu ingetamani kuwa nacho: bodi, wanasheria, wafadhili wakubwa. Mwaka 2022 ilibainika kwamba mfuko uliotokana kwa sehemu na ada za usajili wa wachezaji ulikuwa umetumika kumaliza madai ya unyanyasaji wa kijinsia, na wazazi waliokuwa wakilipa ada hizo hawakuwa na habari. Wafadhili wakajitoa, bunge likawaita viongozi kuhojiwa, na Oktoba mwaka huo mtendaji mkuu akaondoka na bodi nzima ikaachia ngazi. Daftari la fedha lilikuwepo, limekaguliwa, limefungwa vizuri. Aliyekuwa akichangia hakuwa akisomewa.

Kwa hiyo nikipima klabu sianzi na ukurasa wa kwanza wa katiba. Nauliza mara ya mwisho wazazi waliketi lini wakasomewa mapato na matumizi kwa Kiswahili cha kawaida, na kama mama wa kawaida aliyeko nyuma aliruhusiwa kuuliza swali bila kuambiwa tunachelewa.

Zinavyotofautiana mechi ikianza

Dakika za kucheza ndizo zinazoonyesha utamaduni wa timu haraka kuliko hotuba. Soka lina kisingizio, mabadiliko yana idadi. Magongo hayana kisingizio: mchezaji anaingia na kutoka karibu muda wowote, bila kikomo, na aliyetoka anaruhusiwa kurudi. Kocha wa watoto anayewaweka wawili benchi mechi nzima amechagua mwenyewe. Timu ya mtu itacheza na vipenzi wa mtu huyo. Timu ya shule itacheza na watakaoipeleka kombaini. Klabu ndiyo pekee yenye nafasi ya kuandika kwamba kila aliyehudhuria mazoezi anacheza angalau nusu ya mechi, na kumwonyesha kocha karatasi hiyo akijisahau.

Wanorwei wamekwenda mbali zaidi. Kwa kanuni zao za haki za watoto michezoni, jedwali la matokeo na msimamo halitumiki hadi mwaka mtoto anaofikisha miaka 11, na ubingwa wa taifa haumhusu hadi mwaka wa 13. Ukikumbuka kwamba Tanzania yenyewe, mara ilipocheza magongo ya Olimpiki Moscow mwaka 1980, ilifungwa na India mabao 18 kwa 0 na kumaliza ya sita kati ya timu sita, utakubali kwamba kuhesabu mabao si mahali pazuri pa kuanzia kwa mtoto wa darasa la nne wa Uyole. (Waliokwenda Moscow nawavulia kofia. Walikuwepo.) Shule haiwezi kufuata njia ya Norwei ikiwa inajiandaa na UMITASHUMTA. Klabu inaweza, ikianza na mechi za watano kwa watano kwenye kiwanja kidogo, mfumo ule ule uliotumika Olimpiki ya Vijana Nanjing mwaka 2014. Watoto wachache, mpira unamfikia kila mmoja, na hakuna pa kujificha nyuma ya beki.

Nahodha naye. Sheria za kimataifa za magongo zinamfanya nahodha awajibike kwa tabia ya wachezaji wote wa timu yake, na anaweza kuadhibiwa yeye asipotimiza hilo. Ni mzigo halisi, kwa hiyo namna ya kumpata ina maana. Kwenye timu ya mtu ni mpwa wake au mfungaji bora. Shuleni aghalabu ni kiranja, ambaye tayari ana kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele na wenzake hawampendi sana. Mimi ningependa watoto wapige kura, na chini ya miaka 13 kitambaa kizunguke kila mwezi.

Wazazi wanaopiga kelele pembeni wapo kwa zote tatu, sitapoteza muda kuwalinganisha. Neno moja tu: kuwasihi hakusaidii, kubadili sheria kunasaidia. Marekani walilalamika miaka mingi kuhusu kugongana miili kwenye hoki ya barafu ya watoto. Mwaka 2011 USA Hockey ikaacha kusihi, ikaliondoa jambo hilo kwa wa miaka 11 na 12 na kulisogeza hadi miaka 13 na 14. Kanada wakafuata mwaka 2013. Huku kwetu sheria inaweza kuwa ndogo: wazazi wanakaa upande wa pili wa uwanja, mbali na benchi, na mwamuzi ana ruhusa ya kusimamisha mechi hadi aliyetukana ahame.

Uchukue ipi

Mkiwa mjini, Mbeya au Iringa, mna begi moja la vifaa na mwalimu mmoja aliye tayari, anzeni shuleni. Siku ya kwanza mwandike karatasi ya ukurasa mmoja mbele ya mkuu wa shule: vifaa ni vya nani mwalimu akihamishwa, mwalimu gani wa kike atakuwepo, na watoto wasiochaguliwa kombaini watafanya nini baada ya mashindano. Shule mbili tatu zikishazoeana, ndipo msajili klabu na mpeleke vifaa huko. Kuanza na klabu kabla ya kuwa na watoto ni kuanzisha kamati.

Ukiwa Makete au pembezoni mwa Tukuyu ambako mwenye ujuzi ni mtu mmoja tu, usimkimbie. Kaa naye, shikamoo yake umpe, kisha umwombe vitatu kati ya vinne. Kipenga kibaki chake. Daftari ashike mama mmoja anayeaminika kwenye kikoba, nakala ya orodha iwe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, ufunguo ukae ofisi ya kijiji au shule jirani. Wengine watafurahi kutuliwa mzigo. Atakayesema "kwani hamniamini?" mwambie mnamwamini, ndiyo maana mnamwachia kipenga, na ombi libaki palepale.

Ukiwa mzazi unayechagua kati ya timu zilizopo, nenda mechi moja bila kujitambulisha. Hesabu waliokaa benchi hadi mwisho. Angalia macho ya mtoto anapopata mpira yanakwenda kwa mwenzake au kwa kocha. Baada ya mechi, muulize mtoto yeyote nahodha wao alipatikanaje na vifaa vinalala wapi. Watoto hujibu ukweli maswali ya namna hiyo, kwa sababu hawajui kwamba ni mtego.

Kuhusu muda wa kuanza, vikao na barua za afisa michezo zimalizike mvua ikiwa bado inanyesha, mazoezi yaanze Mei uwanja ukishakauka. Juni na Julai baridi ya huku inajulikana, hasa Njombe na Makete, kwa hiyo saa tisa alasiri ni bora kuliko saa kumi na moja, na mpira mgumu ukigonga ugoko uliopoa unauma mara mbili. Kinga za ugoko zinunuliwe kabla ya jezi.